Wacheza bao ughaibuni waupangia mwaka

Sisi wacheza bao wa Muscat, London na Dar es Salaam hukutana mtandaoni kila Jumamosi, saa tatu usiku ya Dar. Wageni hawakosekani, ila hawakai. Kijana aliyekulia ughaibuni anakuta mashimo 32, kete 64, na mzee anayenamua mbio bila kueleza kitu. Wiki ya pili haonekani.

Basi mwaka huu nusu saa ya kwanza ni ya wanafunzi: zile kete 22 za mkononi zitanamuliwa polepole, na nyumba itaelezwa kwanza. Wazee wamekubali, kwa shingo upande.

Ramadhani tutapumzika. Oktoba, saa za Uingereza zikirudi nyuma, tutakumbushana. Mwaka jana wenzetu wa London waliingia mchezo umekwisha.