"Ni Kawaida Tu": Sonona, Kipigo na Virusi vya Ukimwi

Sonona ni ugonjwa unaotambulika na unaotibika, kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi kama kwa mtu asiye navyo. Sentensi hiyo isingehitaji kuandikwa tena kama si swali moja linalorudi kliniki baada ya kliniki, kutoka kwa ndugu wa wagonjwa, kwa viongozi wa dini, kwa waandishi wa habari, na hata kwa wahudumu wa afya wenye vyeti ukutani: mtu akishaambiwa ana VVU, si ni kawaida awe na mawazo? Swali huulizwa kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyolipa maisha marefu. Lakini ni swali baya. Jibu lake limo ndani yake tayari, na jibu hilo humrudisha mgonjwa nyumbani mikono mitupu.

Imani iliyojificha humo ina mambo matatu: kwamba huzuni yenye sababu si ugonjwa, kwamba itapita yenyewe, na kwamba sababu yenyewe ni virusi. Yote matatu hayana msingi.

La kwanza halihitaji hata utafiti. Mtu aliyegongwa na bodaboda akavunjika mguu ana sababu inayojulikana na kila shuhuda, na hakuna daktari anayemwambia kuwa kwa ajali kama ile kuvunjika ni kawaida, aende akapumzike. Kuijua sababu hakuufuti ugonjwa. Huzuni ya siku za mwanzo baada ya kupokea majibu ipo, na haina haja ya dawa: huja na kuondoka, na katikati yake mtu bado hucheka na mwanawe, hula, hupanga mambo ya kesho. Sonona haiondoki. Hukaa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku. Usingizi hukatika alfajiri, chakula hupoteza ladha, yale aliyoyapenda hayamvuti tena, hujiona mzigo kwa watu wake, kukumbuka na kuamua humwia vigumu, na wengine huanza kuwaza kufa. Wengi hawatamki neno huzuni kabisa. Husema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mwili umekosa nguvu, na huondoka na vidonge vya maumivu.

Wanaosema ni kawaida humaanisha pia kwamba haidhuru. Dar es Salaam ilikwisha kuonyesha kinyume chake. Wanawake karibu elfu moja wenye VVU, walioanza kufuatiliwa wakiwa wajawazito katika miaka ya 1990, waliendelea kufuatiliwa kwa miaka kadhaa, na matokeo kuhusu sonona yakachapishwa mwaka 2007. Zaidi ya nusu yao walipata dalili za sonona wakati fulani. Waliokuwa nazo ugonjwa wao ulisonga mbele haraka zaidi, na hatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Ikumbukwe kuwa dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijafika katika hospitali za umma, kwa hiyo haiwezekani kudai kwamba walikufa kwa kuacha vidonge. Siku hizi vidonge vipo, na njia ya pili ya madhara imeongezeka. Uchambuzi wa tafiti za kusini mwa Sahara ulioongozwa na daktari wa akili wa Uganda, Etheldreda Nakimuli-Mpungu, mwaka 2012 ulionyesha kuwa uwezekano wa mtu mwenye dalili za sonona kumeza dawa zake ipasavyo ulikuwa chini kwa asilimia 55. Kliniki humwita mtu huyo mkaidi. Humkaripia, humpa ushauri uleule wa umuhimu wa dawa anaoujua kwa moyo, kisha hushangaa wingi wa virusi ukipanda tena.

Jambo la pili, kwamba itapita, ndilo lililojaribiwa kwa uangalifu mkubwa, na Afrika ndiyo iliyotoa ushahidi. Wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa kupigwa na Ukimwi. Huko vijiji 30 viliingizwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003. Katika nusu ya vijiji watu wenye sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16, kundi dogo likiongozwa na mtu wa eneo lao aliyepewa mafunzo mafupi, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi, upweke na mabadiliko ya maisha. Katika vijiji vingine watu waliendelea na maisha yao. Mwanzoni asilimia 86 ya kundi la tiba na asilimia 94 ya kundi la kulinganisha walikuwa na sonona kamili. Mwishoni, katika kundi la tiba walibaki asilimia 6.5. Katika kundi la kulinganisha walibaki asilimia 54.7. Muda peke yake uliwasaidia wengine, hilo ni kweli na halifichwi, lakini zaidi ya nusu uliwaacha palepale, na hakuna anayeweza kujua mapema nani ataachwa.

Harare, Zimbabwe, matokeo yalifuata mwelekeo uleule. Kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, wanawake wazima waliofundishwa na timu ya daktari wa akili Dixon Chibanda humsaidia mgonjwa kutaja matatizo yake, kuchagua moja na kutafuta hatua ya kulitatua. Jaribio la kliniki 24, lililochapishwa mwaka 2016, lilihusisha watu 573, takriban asilimia 42 kati yao wakiishi na VVU. Baada ya miezi sita wenye sonona walikuwa asilimia 13.7 miongoni mwa waliokaa kwenye benchi, na asilimia 49.9 miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Kisha ikaja Uganda ya kaskazini, Gulu, Kitgum na Pader, eneo lililotoka vitani, ambako wote waliohusishwa walikuwa na VVU na sonona. Nakimuli-Mpungu na wenzake walilinganisha tiba ya vikundi ya vikao vinane, iliyoendeshwa na wahudumu wa jamii, na vikao vya elimu ya VVU. Miezi sita baadaye sonona ilibaki kwa chini ya asilimia 1 ya waliopata tiba, na kwa asilimia 28 ya waliopata elimu. Elimu ya VVU ni muhimu, ila haifanyi kazi ya tiba ya sonona.

Pale tiba inapokosekana, mitaa huweka yake. Pombe ndiyo ya kwanza, hasa kwa wanaume, na humlaza mtu saa chache, ikamwamsha usiku wa manane akiwa na hofu zaidi, ikamsahaulisha dozi yake. Ya pili ni vidonge vya usingizi, diazepam na ndugu zake, vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa bila cheti cha daktari kana kwamba ni pipi. Diazepam haitibu sonona. Hutuliza wasiwasi kwa muda mfupi, na baada ya wiki chache mwili huizoea na kuidai, na ikichanganywa na pombe inaweza kuzima pumzi. Muuzaji anayempa mtu mwenye sonona pakiti ya diazepam amempa tatizo la pili pamoja na njia ya kujidhuru.

Jambo la tatu ndilo lenye madhara yasiyoonekana. Anayeamini kuwa virusi ndivyo sababu ya huzuni haulizi tena kuna nini nyumbani. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Maman na wenzake katika kituo cha ushauri na upimaji cha Muhimbili. Miongoni mwa wanawake wa chini ya miaka 30, wenye VVU walikuwa na uwezekano wa takriban mara kumi zaidi ya wasio navyo wa kueleza kuwa wamepata kutendewa ukatili na mwenzi. Utafiti wa namna hiyo hausemi kipi kilitangulia, ndiyo maana utafiti wa Rachel Jewkes na wenzake huko Eastern Cape, Afrika Kusini, una uzito wa pekee: wanawake vijana wasio na VVU walifuatiliwa kwa miaka miwili, na ilikadiriwa mwaka 2010 kuwa takriban maambukizi mapya 12 katika kila 100 yangeepukika kama wasingetendewa ukatili na wenzi wao zaidi ya mara moja. Kubakwa ni sehemu tu ya maelezo. Mwanamume anayepiga mara nyingi ndiye pia mwenye wapenzi wengi na asiyetaka kondomu, na mwanamke anayemwogopa hawezi kumdai kondomu, huahirisha kupima, na akipima huficha majibu na vidonge pamoja.

Sonona nayo inaingia katika mnyororo huo kwa pande zote mbili. Uchambuzi wa tafiti za ufuatiliaji uliochapishwa na Devries na wenzake mwaka 2013 ulionyesha kuwa ukatili wa mwenzi hutangulia sonona, na sonona nayo huongeza hatari ya kutendewa ukatili baadaye. Kwa hiyo mwanamke anayelia mbele ya muuguzi, akaambiwa kwamba kwa hali yake ni kawaida, huenda amenyimwa swali pekee lililokuwa na maana: je, kuna mtu anayekupiga, anayekutisha au anayekulazimisha? Swali hilo huulizwa faraghani, bila mume wala mama mkwe mlangoni, na haliulizwi na mtu asiye na pa kumpeleka atakayejibu ndiyo. Kumshinikiza mwanamke huyo amweleze mwenzi majibu yake upesi ni kumhatarisha. Mpango wa usalama hutangulia, kisha mhudumu anaweza kumsaidia kueleza iwapo mwenyewe ataridhia.

Yanayowezekana kufanywa yanajulikana. Kwa kuanzia, maswali mawili yanatosha: katika wiki mbili zilizopita, mara ngapi umekosa hamu ya mambo, na mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa? Yalipimwa Eldoret, Kenya, kwa watu wenye VVU na yakafaa. Jibu likitia shaka, hufuata dodoso la maswali tisa. Dawa za kufubaza virusi haziachwi. Kama mtu bado anatumia efavirenz na anapata ndoto za kutisha au giza la moyo, aseme, kwani tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linaweka dolutegravir mbele kama chaguo la kwanza. Na dolutegravir ikimnyima usingizi, aimeze asubuhi. Tiba ya mazungumzo ianze popote alipo mhudumu aliyefundishwa. Dawa za sonona, kama fluoxetine na amitriptyline, huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha nguvu, huendelea kwa miezi mingi baada ya nafuu, na haziachwi ghafla. Aliyebakwa afike kituoni ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia maambukizi za siku 28, pamoja na kinga ya mimba ya dharura. Tanzania kuna vituo vya mkono kwa mkono na dawati la jinsia polisi, na Kenya namba ya simu ya msaada ni 1195. Fomu ya polisi ya PF3, inayotumika Tanzania, ni ya ushahidi, na dawa haziisubiri.

Mtu anayetaja kujiua haachwi peke yake na hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, huku dawa za kuulia wadudu zikiondolewa nyumbani. Amitriptyline ikizidi dozi huvuruga mapigo ya moyo, hivyo mgonjwa wa namna hiyo hapewi vidonge vya mwezi mzima. Hupewa vya siku chache, vikatunzwa na mtu anayemwamini.