Kope za mjusi wa Sonora

Jioni za Mei na Juni, jua la jangwa la Sonora likishazama, wakazi wa Tucson na Phoenix huko Arizona hukuta barazani mjusi mdogo wa rangi ya waridi iliyopauka, mwenye mikanda ya kahawia tangu shingoni hadi mkiani. Wengi hushtuka, wakadhani ni mtoto wa Gila, mjusi mkubwa mwenye sumu wa jangwa hilohilo, na wapo wanaokimbilia fagio. Wengine humpenda palepale, wakamtia kwenye chupa, kisha ndipo waanze kuuliza anakula nini. Huyo mjusi kwa jina la kisayansi ni Coleonyx variegatus. Alama zilezile zinazomtambulisha ndizo zinazoeleza anavyopaswa kuishi, kwa hiyo anayemtaka amfuge na anayetaka tu kumjua wana kazi moja: kumtazama vizuri.

Waanzie jichoni. Mjusi kafiri tuliyemzoea Afrika Mashariki, yule wa ukutani karibu na taa, hana kope. Jicho lake limefunikwa na utando angavu, na likichafuka hulisafisha kwa ulimi. Huyu wa Sonora anazo kope, hufumba na kufumbua. Mijusi wa namna hiyo wana familia yao, Eublepharidae. Kisha vidole: ni vyembamba, havina zile nyayo pana zinazonata, wala hawezi kupanda kioo. Ukimwona mjusi juu kabisa ya ukuta wa nyumba ya Tucson, huyo ni mgeni kutoka nchi za Bahari ya Mediterania, Hemidactylus turcicus, ndugu wa karibu wa mjusi kafiri wetu, mwenye ngozi ya vinundu na macho yasiyofumba.

Hofu ya Gila huisha kwa rula. Mtoto wa Gila hutoka yaini akiwa na urefu wa sentimita 16 hivi, ilhali huyu wa mikanda, hata akikomaa, pamoja na mkia wake hazidi sana sentimita 15. Gila ni mnene, magamba yake ni ya duara kama shanga. Huyu ana ngozi nyororo na nyembamba kiasi cha kupenyeza mwanga. Rangi pekee isikuongoze, kwa sababu mikanda hukatikakatika na kuwa mabaka umri unapoendelea, na mkia ulioota upya huwa hauna mikanda ile ya awali. Hili si jambo dogo: Gila analindwa na sheria ya Arizona tangu 1952, na mwenye fagio anaweza kuua mnyama wa aina yoyote kati ya hao wawili kwa sababu tu hakutazama.

Ngozi hiyo nyembamba ndiyo inayokosewa zaidi na wafugaji. Mtu akisikia neno jangwa hujaza mchanga mkavu kwenye tangi la kioo, akawasha taa kali juu yake, akaamini amemtengenezea mgeni wake kwao. Lakini mjusi huyu halioni jua la mchana ila kwa bahati mbaya. Mboni yake ni mfereji wa wima, ya mnyama wa usiku, na mchana kutwa hujibanza chini ya mawe, magogo na ndani ya mashimo ya panya, ambako hewa ina unyevu kuliko nje. Kwa hiyo anahitaji tangi lenye joto upande mmoja, nyuzi 30 hivi za Selsiasi, na upande wa pili lisilo na joto hilo, ili achague mwenyewe. Joto litoke chini. Awekewe pia kisanduku chenye tundu, ndani yake kitambaa au karatasi iliyoloweshwa. Bila hicho ngozi kuukuu hukwama vidoleni wakati wa kujivua, ikakata damu, na vidole vikafa. Kwa kuwa si mpandaji, eneo la sakafu lina maana kuliko kimo.

Mkia ni ghala la mafuta. Ukiwa mnono, mjusi ana afya. Ukisinyaa, kuna njaa au minyoo. Akitishwa huuinua na kuupungapunga ili adui aurukie huo na kukiacha kichwa. Hukatika na kuota tena, ila akiba aliyoweka hupotea, ndiyo maana kumshikashika ni kumfilisi. Chakula chake ni wadudu na buibui. Nyenje wadogo waliopakwa unga wa kalsiamu wanamtosha kizuizini. Porini hula hata nge: mwaka 2022 watafiti wa San Diego State University walieleza jinsi anavyomng'ata nge na kumtikisa kwa kasi inayozidi mara kumi kwa sekunde, akimpigapiga ardhini. Mnyama wa gramu chache! Madume mawili yasiwekwe pamoja, yatapigana. Dume hutambulika kwa miiba midogo pande mbili za shina la mkia.

Hata hivyo simshauri mtu amtoe porini. Katika hifadhi za taifa za Marekani ni marufuku kabisa, na kwingineko Arizona na California hudai leseni. Wa porini mara nyingi huwa na minyoo na utitiri, hugoma kula, na akiishi anaweza kukaa kifungoni zaidi ya miaka kumi. Mwenye kutaka mjusi mwenye kope amtafute aliyezaliwa kwa mfugaji; mjusi chui wa Pakistani na Afghanistani, wa familia hiyohiyo, amezalishwa hivyo kwa vizazi vingi na huvumilia mkono wa binadamu. Jambo hili linatugusa pia. Kenya na kaskazini mwa Tanzania, katika nchi kavu, yuko Holodactylus africanus, mjusi wetu mwenye kope, mchimba mashimo, ambaye amewahi kusafirishwa nje kwa biashara ya wafugaji kabla Tanzania haijazuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Na yule aliyeingia sebuleni Tucson afunikwe kwa kikombe, karatasi ngumu ipitishwe chini, aachiwe usiku huohuo kwenye mawe yaliyo karibu. Ukimpeleka kilomita kadhaa kwa nia njema, unampeleka asikojua shimo lolote la kumhifadhi kabla jua halijachomoza.