Kutafuta kazi kwa mpango: barua kumi nzuri zinapita mia moja za kutupa



Kila juma, kutoka Katuba mpaka Ruashi, dosiye za kazi zinatoka katika nyumba zetu za Lubumbashi. Zinabebwa na watoto wetu waliomaliza masomo, na mara nyingi zinabebwa na sisi wenyewe. Tunalipa fotokopi, tunalipa bahasha, tunalipa taksi ya kwenda na kurudi. Dosiye inaachwa kwa mlinzi wa mlango, kisha tunangoja. Miezi inapita, na nyumbani wanaanza kusema: "Huyu hana bahati," au "Bila mkubwa wa kukushika mkono hakuna kazi."

Hatukatai kwamba kazi ni chache, wala kwamba ndugu anapitisha ndugu. Lakini kuna jambo moja ambalo liko mikononi mwetu: wengi wanatafuta bila mpango. Barua moja ile ile inapelekwa kwenye banki, kwenye hoteli, kwenye shule na kwenye kampuni ya madini. Anayeisoma anatambua mara moja kwamba haikuandikwa kwa ajili yake. Na pesa inayopotea hapo ni pesa ya bukari na ya masomo ya wadogo.

Mlango mmoja umekuwa milango mingi

Wazazi wetu walijua njia moja. Gécamines iliajiri baba, ikampa nyumba, hospitali na shule ya watoto. Mtoto alikua akijua ni mlango gani atagonga. Mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na kwa jamaa nyingi mlango ule ulifungwa.

Leo kazi za jimbo letu zimetawanyika. Kuna kampuni nyingi za madini, na pembeni yake kuna kampuni ndogo zinazopewa kazi ya kupika, kufua, kusafisha, kulinda na kusafirisha. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inatenga kazi hizo za pembeni kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongo. Tena kuna mahospitali, mashule, hoteli, boulangerie, maduka makubwa na nyumba za kutuma pesa. Milango ni mingi, lakini mingine haina hata kibao barabarani. Anayetoka asubuhi bila orodha atachoka kabla ya kuiona.

Kwanza, chagua

Ukimwuliza mtu, "Unatafuta kazi gani?" akajibu, "Kazi yoyote," hakuna anayeweza kumsaidia. Lakini akisema, "Ninatafuta kazi ya kashia katika duka au hoteli," shangazi atakumbuka duka fulani, na jirani atakumbuka hoteli fulani. Chagueni kazi ya aina moja, au mbili zinazofanana. Kuchagua hakukukatazi kufanya biashara yako ndogo ukiwa unangoja. Kunakukataza tu kutawanya nguvu.

Kisha chukua kaye na uandike majina ya pahali 15 penye kazi ya namna hiyo. Usiandike jina la kampuni tu. Tafuta ni nani anapokea dosiye, na biro yake iko wapi. Mwenye simu ya intaneti aangalie matangazo mara moja au mbili kwa juma, si kutwa nzima. Tena ajiandikishe kwenye ONEM, ofisi ya Serikali ya kazi, ambayo iliundwa mwaka wa 2002 na inaandikisha wanaotafuta kazi. Lakini asikae kungoja kwamba ONEM itamwita.

Hapa kikundi cha wanawake kina nguvu kuliko tunavyofikiri. Kati yetu kuna anayeuza mikate kwa kantini, anayefua nguo za hoteli, anayesafisha biro. Hao wanajua nani ameacha kazi na wapi wanatafuta mtu, kabla tangazo halijabandikwa. Tusiombe mtu atuingizie mtoto kwa mlango wa nyuma. Tumwulize maneno mawili tu: "Kwenu wanatafuta watu wa kazi gani? Barua inaandikwa kwa nani?" Maneno hayo hayamletei mtu aibu wala deni.

Dosiye inayosomwa

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Iseme kazi unayoomba, kwa nini pahali pale, na mambo mawili unayoweza kuyafanya vizuri. CV isizidi kurasa mbili. Namba ya simu iwe ile inayopatikana kila siku, na nyumbani wote wajue kupokea kwa heshima. Diploma ya asili inabaki nyumbani: toa fotokopi tu.

Mama aliyekaa miaka kumi akilea watoto husema, "Mimi sina kitu cha kuandika." Si kweli. Aliyeshika feza za likelemba ya wanawake 20 kwa miaka miwili, na hakuna franka iliyopotea, ameonyesha kwamba anaweza kushika kashia. Aliyepika kwa matanga na ndoa za watu 200 anajua kupanga chakula, kununua na kuongoza wapishi. Andika kwa maneno wazi: watu wangapi, muda gani, kazi gani. Usiongeze uongo, maana swali moja tu litaufunua.

Juma lenye mpango

Sisi tunaofundisha hatuingii darasani bila kuandaa somo. Utafutaji wa kazi nao unataka maandalizi. Mama mwenye watoto hapati siku nzima, lakini saa mbili kila asubuhi, watoto wakiwa shuleni, zinatosha kuanza. Jumatatu, chagua pahali patatu katika orodha na uulize habari zake. Jumanne, andika barua, kila pahali barua yake. Jumatano, peleka zote kwa safari moja ili usilipe taksi mara tatu. Alhamisi, fuata zile za zamani: siku kumi zikipita bila jibu, rudi au piga simu, uulize kwa upole kama dosiye imefika kwa mwenye kuisoma. Ijumaa, jifunze kitu kimoja ambacho kazi ile inataka, iwe ni ordinatere, hesabu au Kifaransa cha kuandika.

Katika kaye andika tarehe, pahali, jina la aliyepokea na jibu. Baada ya mwezi mmoja, soma kaye yako. Kama hakuna hata mmoja aliyekuita, dosiye inataka kurekebishwa, au umechagua milango isiyofaa. Kama wanakuita lakini hawakuchukui, jizoeze mazungumzo. Aliye na kaye anajua pa kurekebisha, naye hana sababu ya kusema amelogwa.

Siku ya kuitwa, uende na mifano mitatu ya kazi uliyoifanya, na swali moja kuhusu kazi yenyewe. Wakikuuliza, "Bwana atakubali?" usitetemeke. Sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake, lakini sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Jibu tu: "Nyumbani tumekwisha kupanga." Na kweli mpange mapema na baba wa watoto: nani atamtoa mtoto shuleni, nani atabaki na mdogo.

Wanaouza kazi

Hapa tuseme bila kuficha. Kuna watu wanaouza kazi ambazo hawana. Mmoja anaomba pesa ya "kufungua dosiye", mwingine ya "daktari", mwingine anasema orodha itafungwa leo jioni. Tushike sheria moja ya nyumbani: hatulipi pesa ili tupate kazi. Anayeomba pesa kabla ya kazi anauza maneno.

Na kuna wanaotaka mwili wa binti. Mazungumzo ya kazi yafanywe kwenye biro, mchana. Si hotelini, si kwenye baa, si ndani ya gari. Binti asindikizwe na mtu atakayemngoja nje. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inamwadhibu anayetumia ukubwa wake kumsumbua mtu ili alale naye: kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 12. Binti akirudi na habari hiyo, tusimwulize alivaa nini. Tumsikilize, tutunze ujumbe wa simu, na twende naye kwa wanasheria wanaosaidia wanawake. Binti anayejua kwamba mama yake atamwamini ana nguvu ya kukataa na kutoka.

Kazi ikipatikana

Omba kontra ya maandishi. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2002 inasema kwamba pasipo maandishi, kontra inahesabiwa kuwa haina mwisho mpaka kinyume kithibitishwe. Muda wa majaribio usipite mwezi mmoja kwa kazi isiyo na ufundi, na miezi sita kwa kazi nyingine. Mama anayejifungua ana haki ya majuma 14 ya mapumziko, na theluthi mbili za mshahara wake.

Katika mkutano ujao, tunaomba kila kikundi kitenge nusu saa. Kila mama aandike kwenye karatasi pahali pawili anapopajua, watu wa kazi gani wanatafutwa pale, na nani anapokea dosiye. Kikundi cha wanawake 15 kitatoka na milango 30. Mwenye diploma amwandikie barua mama asiyejua kuandika, naye mama huyo amwonyeshe mlango anaoujua.