Fidla ya Taarabu na Jina la Mpigaji

Kwenye arusi nyingi za upande wa Likoni, Mombasa, siku hizi, Shelly Beach ikiwemo, taarabu hutoka kwenye kinanda cha umeme. Mpigaji akitaka fidla, hubonyeza kitufe tu, na sauti ikatoka kama ya fidla kumi kwa pamoja. Wasiopendezwa na hali hii hulaumu mashine kwamba imemla mpiga fidla. Lakini hata fidla ilipokuwa ya mbao na singa za mkia wa farasi, mpigaji wake alijulikana na wenzake wa kikundi, si na mji.

Cairo mambo yalikuwa mengine. Sami al-Shawwa, aliyefariki 1965, aliitwa mwana wa mfalme wa fidla. Miaka ya 1920 alipiga katika kikundi cha mwimbaji Umm Kulthum, na sahani za santuri zikatoka kwa jina lake mwenyewe. Muziki wa Kiarabu ulimpa nafasi hiyo kupitia taksimu, yaani kipande ambacho mpigaji mmoja hubuni palepale, bila maneno wala ngoma ya kumbana. Watu walikuja kumsikiliza yeye, wakamtambua kwa mkono wake.

Taarabu ilichota kutoka Misri hiyohiyo. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, ndiye aliyeupeleka muziki huo katika jumba lake. Na 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Ila Mswahili aliupokea muziki akauweka chini ya shairi. Fidla hutangulia kwa bashrafu, yaani kipande cha kufungulia kisicho na maneno, kisha mwimbaji akimaliza mshororo humjibu, halafu hunyamaza ili neno lisikike. Anayetunzwa ni mwimbaji, na anayebishaniwa barazani ni mtunzi. Waimbaji kama Juma Bhalo, Siti binti Saad na Bi Kidude tunawajua kwa sauti. Waliowajibu kwa nyuzi, wangapi tunaweza kuwataja?

Na kazi yao si ndogo. Katika makamu ya rasti, yaani mmoja wa mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, sauti ya tatu, mi, haipo kwenye kinanda cha kawaida: imekaa katikati, baina ya kitufe cheusi na cheupe. Fidla haina vizuizi shingoni kama gita, hivyo kidole hutua popote sikio linapotaka. Kwenye uzi wa re wa fidla ya ukubwa kamili, kutoka mi ya kizungu hadi mi ya rasti kidole hurudi nyuma milimita 8 au 9 hivi. Hakuna alama ya kukuonyesha. Ukikosea kidogo, msikilizaji aliyekulia taarabu atakunja uso bila kujua kwa nini.

Mombasa tuliwahi kupitia njia nyingine. Vikundi vyetu vilipenda taishokoto, chombo cha Kijapani chenye vitufe mfano wa taipu, na pia akodioni na vinanda. Vyote hivyo sauti zake zimekwisha kupangwa. Vipo vinanda vya umeme vinavyoweza kuwekewa robo sauti, lakini lazima mpigaji awe na sikio la kujua aziweke wapi. Hewa yetu ya chumvi nayo haikuisaidia fidla: nyuzi za chuma hushika kutu, na gundi ya ngozi inayounganisha mbao hulegea kwa joto na unyevu, kifuniko kikaachia ubavuni.

Ufundi wenyewe haujapotea. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichofunguliwa Zanzibar 2002 kimefundisha vijana fidla pamoja na makamu. Kinachokosekana ni nafasi ya kusikika. Bingwa hatoki kwa vidole peke yake. Hutoka pale wasikilizaji wanapompa dakika tano za peke yake, mshereheshaji akamtaja kwa jina, na noti moja ya kumtunza ikaenda kwake. Wenye arusi wanaweza kuanza na hayo Jumamosi ijayo, bila kungoja serikali wala mfadhili.