Magoti Yameanza Kusema

Idd iliyopita nilikuwa natoka kuswali, kanzu nyeupe, marashi yananukia. Uchochoroni vijana walikuwa wakicheza mpira, nao mpira ukanijia. Moyo ukaniambia, "Upige, wewe bado ni yule yule." Nikakunja kanzu, nikainua mguu. Mpira ukapita zake, kiatu kikaruka hadi barazani kwa jirani, na mimi nikakaa kitako. Kijana akaja mbio kuniinua: "Pole, mzee." Nyonga iliuma siku tatu. Hilo neno "mzee" linauma hadi leo.

Tangu hapo najichunguza. Nikiinuka mkekani nasema "Yaa Rabbi" bila kukusudia. Matatu siishuki mpaka isimame kabisa, na makanga wananingoja kwa adabu ambayo sikuiomba.

Wazee walisema ujana ni moshi, na ni kweli una mwendo wake wa kuondoka. Mtu akishapita miaka 30 hivi, misuli huanza kupungua polepole. Nyuzi zinazotupa nguvu za ghafla, za kuruka na kukimbia, ndizo hutangulia kusinyaa. Viungo navyo hukakamaa. Tatizo ni kwamba akili haipewi habari. Yenyewe inakumbuka miaka 20, na inatoa amri za miaka 20.

Lakini misuli haikatai kufundishwa. Hata watu wa miaka 90 wameonekana wakipata nguvu kwa mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka, na siku 2 au zaidi za kuitia misuli nguvu. Swala ni ibada, si mazoezi, lakini hesabu mwenyewe: rakaa 17 za faradhi kwa siku ni sijda 34, kuinama na kuinuka. Asiyeweza ameruhusiwa kuketi, na dini ni nyepesi. Anayeweza asikimbilie kiti mapema.

Nasema hivi kwa sababu ya mamangu. Alipopita miaka 70 bado alikuwa akiketi kwenye mbuzi, akikuna nazi, kisha akiinuka bila kushika kitu. Kwa mapenzi tukamkataza. "Mama, pumzika, umefanya kazi ya kutosha." Tukamnunulia kiti kizuri, nazi ikawa ya blenda. Mwaka haukuisha, akawa hainuki mpaka ashikwe mkono. Tulidhani tunampumzisha, kumbe tunampokonya.

Juzi akaidai mbuzi yake. Nikaitoa stoo, nikaipangusa vumbi. Sasa anakuna upande mmoja wa nazi, akichoka anaacha. Nami naketi chini karibu naye. Wakati wa kuinuka tunashikana mikono, na wallahi, siku nyingine sijui ni nani anayemwinua mwenzake.