Likizo ya wawili kwa miguu: kutoka ukungu wa Uluguru hadi maporomoko ya Sanje

Wanandoa wengi wa mijini wakipata likizo huwaza mambo mawili: kwenda kijijini kusalimia wazee, au kuvuka kwenda Zanzibar kupunga upepo. Yote ni mema. Lakini iko likizo ya tatu ambayo Watanzania bado hatujaizoea, nayo ni ya kutembea kwa miguu, mume na mke, mkoba mgongoni, ndani ya nchi yetu wenyewe. Kwa likizo ya namna hiyo, sijauona mkoa unaoishinda Morogoro.

Wageni kutoka Ulaya na Marekani hutumia fedha nyingi kwenda Amerika Kusini ili waone milima ya Andes ikiteremka hadi kwenye msitu wa Amazon. Wanachokitafuta ni mabadiliko: asubuhi uko kwenye baridi, jioni uko kwenye joto, na kila unaposhuka wanyama, miti na hata mapishi ya watu vinabadilika. Morogoro inayo mabadiliko hayo. Unao msitu wa ukungu juu ya Uluguru, mabustani ya mboga ya Mgeta, mbuga ya Mikumi yenye tembo na twiga, na milima ya Udzungwa ambako maji huanguka mita 170. Na tangu Juni 2024, treni ya umeme ya SGR humfikisha abiria wa Dar es Salaam mjini Morogoro kwa muda usiofika saa mbili.

Mimi na mke wangu tuliamua kuyapita maeneo hayo kwa mfuatano, tukianzia juu na kumalizia kusini. Gari tulilitumia pale tu ambapo umbali au usalama ulilazimisha.

Lupanga na msitu wa ukungu

Lupanga ndicho kilele kinachoutazama mji wa Morogoro. Kina urefu wa zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, wakati mji uko kwenye mita 500 hivi. Anayepanda kutokea upande wa Bigwa ana karibu kilomita moja na nusu ya kwenda juu tu, na njia haina mizunguko mingi ya kumhurumia. Msitu uko chini ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kibali hupatikana katika ofisi zao mjini, na ni vyema kwenda na kijana mwenyeji anayezijua njia.

Saa za mwanzo mnapita mashambani: migomba, mihogo, mahindi, mananasi. Ndizo saa za salamu. Mnapishana na akina mama wa Kiluguru wanaoteremka na mikungu ya ndizi kichwani kuiwahisha sokoni, miguu imara kwenye njia ambayo sisi tunaishuka kwa kushika fimbo. Kila mmoja mnampa shikamoo yake, na kila mmoja anaitikia marahaba, anawapa pole na anauliza mnakotoka. Huwezi kumpita mtu mlimani kimya.

Kisha mashamba yanakoma ghafla kwenye mpaka wa hifadhi, na hapo dunia inabadilika. Jua linapotea, hewa inapoa, mashina yamefunikwa na kijani kilicholowa maji. Kangaga linasimama na shina lake kama mnazi mchanga. Hata siku isiyo na mvua majani yanadondosha maji, kwa sababu ukungu unaotoka Bahari ya Hindi hukwama kwenye matawi na kugeuka matone. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua ya karibu milimita 3,000 kwa mwaka, na pengine hupita hapo, ilhali tambarare za magharibi ya milima hii hazifikii hata 1,000. Unyevu huo wa bahari, ambao haukukatika kwa mamilioni ya miaka hata Afrika ilipokuwa ikikauka, ndio uliohifadhi misitu ya Tao la Mashariki, safu ya milima inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa.

Kijana aliyetuongoza alisimama, akanyoosha fimbo kwenye kichaka ambacho sisi tulikuwa tumekipita. Kinyonga. Dume wa pembe tatu, kama wanaopatikana Uluguru na milima jirani, rangi yake ileile ya jani alilokalia. Jicho moja lilimwangalia mke wangu, la pili likabaki kwenye inzi. Vidole vyake vimegawanyika makundi mawili, vinaushika ujiti kama koleo, na kila hatua anaipima mara mbili kabla ya kuhamisha uzito. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa kiumbe huyu na kumhusisha na nuksi. Ukimtazama kwa ukaribu ule, hofu inageuka heshima. Katika msitu huohuo wamo vyura wadogo wa jamii ambayo hata wataalamu wa dunia huistaajabia: jike hatagi mayai majini, bali huzaa watoto hai, vyura kamili.

Mume, mke na ndege wao

Kuna sababu nyingine ya kuwapeleka wawili Uluguru. Mwaka 1928 mtumishi wa serikali wa Kiingereza aitwaye Reginald Moreau alihamia kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, pamoja na mkewe Winifred. Kazi yake ilikuwa ya ofisi, lakini mapenzi yake yalikuwa kwa ndege, na mke akawa mwenzake katika kazi hiyo. Walibaki Tanganyika hadi miaka ya 1940, na Moreau akawa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa ndege wa karne yake.

Mwaka 1938 alimtangaza kwa sayansi ndege mdogo wa milima ya Uluguru, mwenye kichwa na kifua cha rangi ya kutu, anayejificha kwenye vichaka vizito karibu na ardhi. Akampa jina la mkewe. Ndege huyo mpaka leo hujulikana kama ndege wa Bi Moreau. Kinachonigusa zaidi ni tabia yake: dume na jike huimba kwa kupokezana, mmoja akianza mwenzake anajibu, kiasi kwamba asiyejua hudhani anamsikia ndege mmoja. Sisi tulimsikia, hatukumwona. Hakuna hasara. Msituni sikio hufanya kazi kubwa kuliko jicho.

Wapo pia ndege ambao duniani kote wanapatikana Uluguru peke yake. Mmoja ni chozi wa Loveridge, mnyonya nekta mwenye manyoya ya kung'aa. Mwingine ni ndege wa juu ya miti mirefu, kichwa cheusi na tumbo la manjano, ambaye watazamaji wa ndege huvuka bahari kumfuata. Mkazi wa Morogoro anaweza kumfuata kwa miguu kutoka nyumbani kwake.

Mgeta, nyanda za mboga na mbuzi

Upande wa magharibi wa milima hiyohiyo ni nchi nyingine kabisa. Kutoka barabara ya Iringa unakata kona Sangasanga, karibu na Mzumbe, kisha gari linakwea hadi Langali na Nyandira. Hapo ni Mgeta. Miteremko imechongwa ngazi kwa ngazi na kila ngazi ina zao lake: kabichi, njegere, karoti, viazi, na pembeni miti ya matunda damu na pichi. Mboga nyingi zinazouzwa Morogoro na Dar es Salaam zimetoka kwenye matuta haya. Nyumba zina mabanda ya mbuzi wa maziwa, uzao wa mbuzi wa Norway walioletwa hapa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Chai yenye maziwa ya mbuzi, kwa baridi ya Nyandira, ilituondoa uchovu wote.

Kutembea kati ya mabustani haya kunafundisha historia ambayo gari haliwezi kuifundisha. Mwaka 1955 Waluguru walikataa kuchimba matuta waliyoshurutishwa na serikali ya kikoloni kwa hoja ya kuokoa udongo, na ghasia zikazuka huko Matombo, upande wa mashariki. Watu hawa hawakuwa wakiichukia ardhi yao. Walichukia kuamrishwa juu yake. Ukimwona mkulima wa Mgeta alivyolipanga bustani lake kwenye mteremko mkali, unaelewa kwamba mlima unatunzwa na mtu anayeamini ni wake.

Kutoka huku mtu anaweza kwenda Bunduki kwenye maporomoko ya Hululu, au kupanda hadi uwanda wa Lukwangule ulio juu ya mita 2,400, wenye nyasi na baridi ya kutetemesha. Bunduki ndipo unapoona pia jeraha la milima hii. Msitu wa kaskazini na wa kusini ulikuwa mmoja; mashamba yakaukata katikati. Eneo hilo sasa limeingizwa kwenye hifadhi ili miti irudi na wanyama wapite tena.

Mikumi, pale miguu inapopumzika

Unaposhuka kutoka Mgeta na kushika barabara ya Iringa, joto linapanda na miti inakuwa mifupi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu inayokwenda Zambia inaikata kwa kilomita 50 hivi, na abiria wengi wa mabasi wamewaona twiga na tembo kupitia dirishani bila kushuka. Hapo ndipo tunapojidanganya kwamba Mikumi tumeiona.

Mbuga ya Mkata, iliyo ndani ya hifadhi hii, hutazamwa kwa gari, kwa sababu simba na nyati si wa kukutana nao kwa miguu. Lakini aliyetoka kutembea milimani huwa ameshajifunza kutulia. Tulizima gari karibu na bwawa la viboko tukakaa. Kiboko mmoja aliinua pua, akapuliza maji, akazama. Korongo wakasogea. Pundamilia walikuja kunywa wakiwa wamejipanga, waliotangulia wananywa na walio nyuma wanalinda, kisha wanabadilishana. Magari mengine yalipita mbio yakimtafuta simba. Sisi tulitoka bila kumwona simba, na moyo ulikuwa umejaa.

Udzungwa, ambako hakuna barabara

Mji wa Mikumi ukishaupita kwa kukata kushoto, unaingia bonde la Kilombero: Kidatu na bwawa lake la umeme, mashamba ya miwa hadi macho yanapoishia, na upande wa kulia ukuta wa kijani. Huo ndio Udzungwa, Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992, kilomita za mraba 1,990. Hakuna barabara za kutalii ndani yake. Makao yake yako Mang'ula, na kuanzia hapo kila kitu ni miguu.

Njia ya Sanje inapanda kati ya miti mikubwa hadi kwenye maporomoko ya mita 170. Kwenye matawi mnasindikizwa na mbega wekundu wa Udzungwa, ambao hawapatikani nje ya eneo hili la nchi. Yupo pia nyani mwenye shungi aitwaye ngolaga na wenyeji. Wao walimjua siku zote. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, baada ya kusikia mlio wasioujua. Mwaka 1991 watafiti wengine katika milima hii waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemfahamu. Alikuwa kwale wa Udzungwa, aina mpya kabisa kwa sayansi. Mambo kama hayo yanatokea katika nchi yetu, katika umri wetu.

Juu ya maporomoko mnaiona miwa yote chini, imenyooka mistari kama daftari, na nyuma yenu msitu usio na mstari hata mmoja.

Kwa nini kwa miguu, na kwa nini wawili

Mtu akitembea kuanzia Uluguru anakielewa kitu kimoja ambacho ramani haimwambii. Tone linalodondoka kutoka kwenye jani la Lupanga au Bunduki linaingia mito ya Mgeta na Mfizigo na vijito vingine, vinaungana kuwa mto Ruvu, na mto Ruvu ndio unaonywewa Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Oktoba 2022 Ruvu ulipopungua, jiji zima likaingia kwenye mgao wa maji. Kwa hiyo mkazi wa Sinza au Mbagala anayepanda Uluguru anakwenda kuliona chimbuko la maji ya ndoo yake.

Nao uwili una maana yake. Njia nyembamba humfundisha mwenye kasi kusubiri na mwenye mwendo wa pole kusema amechoka bila aibu. Mazungumzo ambayo nyumbani hukatwa na simu, watoto na foleni, mlimani hupata nafasi ya kufika mwisho. Mimi na mke wangu tulizungumza mambo tuliyokuwa tukiyaahirisha kwa miaka, na baadhi tuliyamaliza.

Anayetaka kujaribu achague miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, njia zinapokuwa kavu. Abebe koti la mvua hata hivyo, maana ukungu wa Uluguru hauna msimu. Mtanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni. Achukue mwongozaji mwenyeji na amlipe vizuri, ale chakula cha pale, anunue ndizi na pichi za pale. Msitu huu utabaki ikiwa wanaoishi chini yake watanufaika nao, na watanufaika zaidi siku ambayo sisi wenyewe, bila kuwasubiri wageni wa mbali, tutakuwa wateja wao wa kila mwaka.