Homa Ikishuka, Tusilale
Jamaa zetu wa Kendu Bay wamezoea kuiita kila homa malaria. Lakini Mombasa ilipatwa na mlipuko wa kidingapopo, yaani homa ya dengi, mwaka 2013, 2017 na 2021, na watoto husafiri wakati wa likizo. Mtoto aliyetoka pwani akishikwa na homa, na kipimo cha malaria kisionyeshe kitu, tusimpe aspirini wala ibuprofeni; tumpe parasetamoli kwa kadiri ya uzito wake, na vinywaji kwa wingi. Hatari huja homa inaposhuka: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, ufizi kutoka damu, mwili kulegea. Hapo ni hospitali mara moja, usiku au mchana. Na wanafunzi wa madrasa tuwafundishe dalili hizi, kwani mara nyingi dada ndiye aachwaye na mgonjwa. Mtoto ni amana.